Kukl: bendi iliyoundwa kwa ajili ya usiku mmoja wa redio

Kila nikimtajia mtu Kukl, jibu huwa lilelile: "Si ile bendi ya zamani ya Björk, yule mwimbaji wa Iceland?" Ndiyo, yumo. Ila ukiisikiliza kwa kumtafuta yeye tu, utakuta msichana anapiga mayowe katikati ya vurugu, na utaizima kabla ya wimbo wa tatu. Kukl haikuwa bendi ya mtu mmoja. Ilikusanywa kutoka kwenye mabaki ya bendi kadhaa, na mkono ulioikusanya ulikuwa wa watangazaji wa redio.

Iceland ya mwaka 1983 ilikuwa na watu wasiofika 240,000. Redio ilikuwa moja, ya taifa. Idhaa ya pili ilianza Desemba mwaka huohuo. Televisheni nayo ilikuwa moja, na siku ya Alhamisi haikurusha matangazo kabisa. Bia kali ilikuwa marufuku, na ikabaki hivyo hadi 1989. Kijana wa Reykjavík aliyechoshwa na disko alikuwa na mlango mmoja tu: kipindi cha Áfangar, cha Ásmundur Jónsson na Guðni Rúnar Agnarsson, waliopiga muziki ambao huko kwao ungeutafuta madukani ukachoka. Ásmundur huyohuyo alikuwa miongoni mwa watu wa Gramm, lebo ndogo iliyotoa rekodi za bendi za mji ule. Yaani anayekupigia redioni ndiye anayekutolea sahani. Kwingine ningeuita huo mgongano wa maslahi; pale watu wa kugawana kazi hawakuwapo.

Panki, ile roki ya kasi na fujo, ilichelewa kufika Iceland, lakini ilipofika ilikwenda mbio. Filamu ya *Rokk í Reykjavík* ya mwaka 1982 iliwahi kuzinasa bendi nyingi za wimbi lile, na ndani ya muda mfupi baadhi ya zilizo bora zilikuwa zimeshasambaratika. Kwa hiyo Agosti 1983, Áfangar ilipokuwa inafungwa, watangazaji wake walitaka kuaga kwa muziki wa moja kwa moja. Badala ya kualika bendi, wakachagua watu.

Kutoka bendi ya Purrkur Pillnikk akaja Einar Örn Benediktsson, ambaye haimbi hasa, anabwata, na mkononi ana tarumbeta. Kutoka Tappi Tíkarrass akaja Björk Guðmundsdóttir, miaka 17. Þeyr ilitoa wawili: Guðlaugur Óttarsson wa gitaa na Sigtryggur Baldursson wa drams. Birgir Mogensen wa besi alitoka Spilafífl, na Einar Melax wa kinanda alitoka upande wa washairi wa Medúsa, kundi la vijana wa kisurialisti, yaani wa sanaa ya mambo ya ndotoni. Wakafanya mazoezi wiki mbili, wakapiga, wakaona ni hasara kuachana. Jina walilochukua, Kukl, ni la mambo ya ulozi, na liliwakaa vizuri.

Sasa muziki wenyewe. Mtu wa kumtegea sikio ni Guðlaugur. Alikuwa mtu wa hesabu kwelikweli, na gitaa lake halipigi kodi (noti kadhaa kwa pamoja) za kuimbia. Linakatakata vipande vifupi ambavyo mara nyingi haviangukii pale mguu wako unapotarajia. Ukijaribu kuhesabu moja-mbili-tatu-nne utajikuta umeachwa. Sigtryggur naye hakimbilii kumrudisha kwenye mstari: anakwenda kwenye ngoma nene za chini, anazizungusha, na matoazi anayatumia kwa uchache. Kati yao panabaki nafasi, na humo ndimo sauti mbili zinapogombana. Einar Örn anatema maneno kama mtu anayebishana na konda, Björk anavuta sauti moja ndefu juu yake hadi inapasuka. Kuna filimbi, kuna kengele, kuna tarumbeta linalolia bila adabu. Mkanganyiko huo umepangwa. Sikiliza namna wote sita wanavyonyamaza kwa pamoja.

Waliowatoa nje ya kisiwa ni Crass, bendi ya Waingereza waanakisti, yaani wasiotaka serikali, waliokwenda Reykjavík mwaka 1983 kupiga kwenye tamasha la kupinga vita. Albamu ya kwanza ya Kukl, *The Eye*, ilirekodiwa London, Penny Rimbaud wa Crass akiwa prodyuza, ikatoka 1984 kwenye lebo ya Crass. Namba yake ya orodha ni 1984/1. Crass walikuwa wakipanga namba za rekodi zao kama hesabu ya kurudi nyuma kuelekea 1984, mwaka wa riwaya ya Orwell, na Kukl wakaangukia pale hesabu ilipofika mwisho. Albamu ya pili, *Holidays in Europe*, ilitoka 1986. Naiheshimu, ila kuipiga naipiga kwa nadra. Ni kavu mno.

Mwaka huohuo bendi ikafa. Wengi waliokuwamo, pamoja na marafiki wao, wakaanzisha Smekkleysa, lebo yao wenyewe, na ndani yake ikazaliwa bendi ya Sykurmolarnir, ambao dunia inawajua kama The Sugarcubes. Reagan na Gorbachev walipokutana Reykjavík Oktoba 1986, Smekkleysa wakachapisha postikadi ya mkutano ule, ikanunuliwa kwa wingi, na pesa yake ikasaidia kutoa rekodi ya kwanza ya bendi mpya.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema Kukl walibadili jina tu. Katika wale sita, wanne walivuka kwenda Sykurmolarnir: Einar Örn, Björk, Sigtryggur na Melax. Guðlaugur hakuvuka. Lilipoondoka gitaa lile la hesabu, mdundo ukanyooka na watu wakaweza kucheza. Mafanikio ya kibiashara ya *Life's Too Good*, albamu ya The Sugarcubes ya mwaka 1988, kwa sikio langu, yanaanzia kwenye kiti hicho kilichoachwa wazi.

Anayetaka kuanza asianze na albamu. Aanze na "Söngull", singo waliyoitoa Gramm mwaka 1983, halafu atafute "Dismembered" ndani ya *The Eye*: ni wimbo uleule, sasa kwa Kiingereza na kwa studio ya London. Mimi nachukua ule wa kwanza.