Tetesi za gemu kabla ya maonyesho: maana yake na jinsi ya kuzipima

Tetesi za kabla ya maonyesho ni ubashiri ambao mashabiki wa gemu za video hufanya katika wiki au miezi inayotangulia hafla kubwa, zile ambazo kampuni huzitumia kutangaza gemu mpya, mashine mpya na bei zake. Ubashiri huu una watu wake hata hapa Tanga. Jioni, kwenye mabanda ya gemu ya Ngamiani na Makorora, ambako kijana hulipia mechi moja moja na mwenye zamu inayofuata humsimamia mgongoni akiingojea pedi, mabishano ni yaleyale ya Los Angeles na Tokyo: gemu fulani itatoka mwaka huu au haitatoka, mashine mpya itakubali diski za ile ya zamani au itazikataa. Asiyeufuatilia mchezo huona kuwa ni porojo za kijiweni. Kwa kweli ndani ya mabishano hayo mna dalili zinazoweza kuthibitishwa, mna siri zilizovuja, mna za kughushi, na mna matamanio matupu; ugumu wote wa tetesi ni kwamba mambo hayo hutufikia yakiwa yamevaa nguo moja.

Msimu wa tetesi ulizaliwa na biashara. Maonyesho ya E3, yaliyoanza Mei 1995 mjini Los Angeles, hayakuandaliwa kwa ajili ya mashabiki bali kwa ajili ya wenye maduka na waandishi wa habari, ili maduka yaone bidhaa mapema na kuagiza mzigo wa kuuza wakati wa Krismasi. Kwa kuwa kampuni zote zilikutana katika wiki moja, kila moja ilikuwa na sababu ya kuficha silaha yake hadi siku yenyewe. Katika maonyesho hayo ya kwanza kampuni ya Sega ilitangaza kwamba mashine yake ya Saturn ilikuwa tayari madukani, miezi kadhaa kabla ya tarehe iliyojulikana, kwa dola 399. Siku hiyohiyo Steve Race wa kampuni shindani ya Sony alipanda jukwaani, akataja namba moja tu, 299, kisha akashuka. Hiyo ilikuwa bei ya PlayStation, mashine ya Sony, kwa dola. Aliyekuwa na habari sahihi kabla ya siku ile alikuwa na habari yenye thamani ya fedha, na tangu hapo kutafuta habari za namna hiyo kumekuwa sehemu ya ushabiki wenyewe.

E3 haipo tena. Ilifutwa mwaka 2020 kwa sababu ya janga la korona, ikafanyika kwa njia ya mtandao mwaka 2021, ikafutwa tena mwaka 2022 na 2023, na Desemba 2023 waandaaji wakatangaza kuifunga moja kwa moja. Tetesi hazikufa nayo. Kampuni ya Nintendo ilianza vipindi vyake vya matangazo, Nintendo Direct, mwaka 2011, na leo msimu umetawanyika mwaka mzima: Summer Game Fest mwezi Juni, Gamescom ya Cologne, Ujerumani, mwezi Agosti, maonyesho ya Tokyo mwezi Septemba, na The Game Awards mwezi Desemba. Matokeo yake ni kwamba mashabiki sasa hawabashiri tu kitakachotangazwa, bali pia siku ambayo tangazo litatoka.

Swali linalostahili kukaliwa kwa muda ni hili: kwa nini siri za kampuni kubwa hazifichiki zote? Jibu ni kwamba gemu kubwa hutengenezwa na mamia ya watu kwa miaka kadhaa, na njiani hulazimika kupita katika ofisi ambazo kazi yake ni kuweka mambo wazi. Ofisi ya kwanza ni ile ya kusajili alama za biashara. Jina la bidhaa likishaombwa kusajiliwa, ombi huchapishwa ili mwenye pingamizi apate nafasi ya kulileta; kwa Tanzania Bara kazi hiyo iko chini ya BRELA, na nchi nyingine zina ofisi zake za aina hiyo. Kampuni haiwezi kulilinda jina lake kisheria na wakati huohuo kulificha milele.

Mfano unaotuhusu zaidi sisi wa mabandani ni ule wa gemu ya mpira wa miguu. Tangu 1993 kampuni ya EA ilikuwa ikitoa gemu zenye jina la FIFA, na vijana wengi wa hapa hawakuwahi kuijua kwa jina jingine. Mwanzoni mwa Oktoba 2021 ombi la kusajili jina la EA Sports FC lilionekana katika kumbukumbu za wazi za Uingereza na Umoja wa Ulaya. Siku hizohizo EA yenyewe ikaandika kwamba ilikuwa inatafakari kubadilisha jina la gemu zake. Kuanzia hapo, shabiki aliyesema FIFA inakaribia kubadilishwa jina hakuwa mtabiri wala mzushi. Alikuwa amesoma hati. Mei 2022 kampuni ikathibitisha kuachana na jina la zamani, FIFA 23 ikawa ya mwisho katika mkondo huo, na Septemba 2023 ikatoka EA Sports FC 24. Ubashiri mzuri ndivyo ulivyo: una karatasi nyuma yake, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kwenda kuitazama.

Hata hivyo karatasi husema kilichoandikwa tu. Ombi la Oktoba 2021 lilionyesha kwamba jina lipo. Halikuonyesha litaanza kutumika lini, wala kama leseni za timu na ligi zitabaki. Tena kampuni husajili majina mengi kwa tahadhari tu, mengine yasitumike kamwe. Mabishano mengi ninayoyasikia huharibikia hapa: mtu huanza na ukweli mmoja mdogo, akajenga juu yake ghorofa tano.

Dalili nyingine hutoka katika bodi zinazopanga umri unaofaa kwa kila gemu, kama ESRB ya Amerika ya Kaskazini, PEGI ya Ulaya, na ile ya Korea Kusini ambayo mara nyingi imetaja gemu kabla ya wenyewe kuzitangaza. Dalili ya bodi ina uzito kuliko ya jina, kwa sababu gemu haipelekwi kupimwa umri kabla ya kuwa na maudhui ya kupimwa. Maduka nayo huteleza. Mei 2018, wiki chache kabla ya E3 ya mwaka huo, tovuti ya Walmart nchini Kanada iliorodhesha gemu ambazo zilikuwa bado hazijatangazwa, miongoni mwao Rage 2, Just Cause 4 na Gears of War 5. Rage 2 ilitangazwa rasmi siku chache baadaye, na hizo nyingine zikaonekana kwenye maonyesho yenyewe. Lakini orodha ileile ilikuwa na majina ambayo hayakutokea, kwa hiyo hata duka kubwa si shahidi kamili.

Wazushi hufanya kazi yao kwa kuiga dalili za namna hiyo. Uzushi ambao ningependa kila shabiki aujue ni wa Oktoba 2018, uliohusu Super Smash Bros. Ultimate ya Nintendo, gemu inayokusanya wahusika wa gemu nyingi wapigane ulingo mmoja. Ilisambaa picha ya bango lililodaiwa kuwa la matangazo rasmi, likionyesha wahusika ambao walikuwa hawajatangazwa, kama Geno, Shadow, Isaac na Banjo. Watu wengi waliiamini kwa sababu ya kitu kidogo cha pembeni: ndani ya picha zilionekana pia kazi za matangazo ya filamu ya Grinch, ambazo mtu wa kawaida asingetarajiwa kuwa nazo. Mashabiki waliichunguza picha hiyo hadi kwenye vivuli na rangi. Novemba 1, Nintendo ilipotangaza wahusika wa mwisho, walikuwa Ken, Incineroar na Piranha Plant. Ken alikuwamo kwenye bango, wengine wawili hawakuwamo, na bango likajulikana kuwa la kughushi. Kisha Juni 2019 Banjo naye akatangazwa kuwa nyongeza, jambo lililowafanya baadhi ya watu waone kwamba bango lilikuwa na ukweli ndani yake. Hapana. Mzushi anayetaja majina mengi yanayopendwa atapatia moja au mawili, na kupatia huko hakumfanyi kuwa amejua chochote. Kosa la walioamini lilikuwa kupima ugumu wa kuitengeneza picha badala ya kuuliza ilitoka kwa nani.

Anayefuatilia tetesi za usajili za Simba na Yanga atakuwa ameshautambua mwenendo huu, kwani huko pia mchezaji huonekana uwanja wa ndege, jezi yake ikachorwa, na mwisho wa dirisha akasaini kwingine. Tofauti ni kwamba dirisha la usajili hufungwa kwa tarehe, na tetesi zake huisha. Za gemu zinaweza kuishi miaka.

Ndipo tunapofika kwenye matamanio, sehemu ambayo naiona kuwa na uchungu zaidi. Februari 2019 Team Cherry, kikundi kidogo cha Adelaide, Australia, kilitangaza Hollow Knight: Silksong. Baada ya hapo kila hafla ilipokaribia, mashabiki walijihakikishia kwamba safari hii itaonekana, na kila ilipokosekana walihamishia matumaini kwenye hafla iliyofuata. Juni 2022 gemu hiyo ilionyeshwa katika kipindi cha matangazo cha Xbox, mashine ya Microsoft, na watazamaji wakaambiwa kuwa gemu zilizoonyeshwa zingechezwa ndani ya miezi 12. Mei 2023 ikaahirishwa bila tarehe mpya. Kuna waliowakasirikia watengenezaji kana kwamba wamevunja ahadi, ilhali ahadi nyingi kati ya hizo zilitungwa na mashabiki wenyewe. Gemu ilitoka Septemba 4, 2025, na tarehe hiyo ilitajwa wiki mbili tu kabla. Miaka yote ya ubashiri haikuiwahisha hata siku moja.

Si haki, hata hivyo, kuwacheka wanaotumaini. Juni 2015 mkutano wa Sony wa E3 ulianza saa 12 jioni kwa saa za Los Angeles, ambayo hapa Tanga ni saa 10 alfajiri, misikiti ya Ngamiani ikiwa bado haijaadhini. Katika mkutano huo mmoja yalitangazwa mambo matatu ambayo watu walikuwa wameshaambiwa wayasahau: The Last Guardian, iliyokuwa imetangazwa mwaka 2009 kisha ikapotea, toleo jipya la Final Fantasy VII, na Shenmue III. Usiku kama huo ukitokea mara moja hulisha matumaini ya miaka kumi, na sioni sababu ya kumkataza mtu furaha hiyo. Anayekesha kwa bando la simu ili atazame mubashara anajua anachokinunua.

Mambo hubadilika pale ubashiri unapoamua matumizi ya fedha. Chukua mwenye banda aliye na sanduku la diski za PS4, yaani PlayStation 4, anayesikia kwamba mashine mpya inakuja. Akiogopa diski zake hazitafanya kazi, ataziuza kwa hasara; hofu yake ina msingi, kwani PS4 ilipotoka mwaka 2013 haikusoma diski za PS3. Kuhusu PS5 vijana walibishana sana, ingawa jibu lilikuwa limeshatolewa: Aprili 2019 Mark Cerny, msanifu mkuu wa mashine hiyo, alisema katika mahojiano kwamba ingecheza gemu za PS4. Mashine ilipoingia sokoni Novemba 2020, karibu gemu zote za PS4 zilicheza. Lakini ilitoka kwa aina mbili, na moja haina sehemu ya kuingizia diski, jambo ambalo mwenye sanduku la diski alipaswa kulijua kabla ya kutoa fedha. Kwa hiyo katika mambo ya fedha neno la kufuata ni lile lililotamkwa na mtu mwenye jina na cheo, na hata hilo lisomwe hadi mwisho.

Tangazo rasmi nalo halimalizi tetesi. Juni 2017 Nintendo ilionyesha nembo ya Metroid Prime 4, nembo peke yake, bila picha hata moja ya mchezo. Januari 2019 ikaeleza kwamba kazi inaanzwa upya kwa studio nyingine, na gemu ikatoka Desemba 2025. Trela ya kwanza ya GTA VI (Grand Theft Auto VI), iliyotoka Desemba 2023, ilitaja mwaka 2025. Baadaye tarehe ikasogezwa hadi Mei 26, 2026, kisha hadi Novemba 19, 2026. Nembo huonyesha kwamba kampuni ina nia, mwaka huonyesha kwamba ina mpango, na tarehe kamili huonyesha kwamba imeanza kujifunga. Oda za mapema zikishafunguliwa na bei ikatajwa, hapo ubashiri hubakiwa na kazi ndogo sana.