Furaha ya vitu vidogo: tunavyodanganyana na ukweli wenyewe

Kuna dhana kadhaa kuhusu furaha tunazopeana, na nianze na ile inayoniuma zaidi, mimi mtu wa Lamu.

Dhana: "Watu wa Lamu hawana kitu, lakini wana furaha kuliko sisi"

Mgeni anashuka kwenye boti pale jeti, anaona punda wamebeba mchanga, watoto wanajirusha baharini kutoka ukutani, wazee wamejaa Mkunguni mbele ya ngome, na kabla hajalala ashaposti kwamba hawa watu hawana kitu lakini wana furaha ya ajabu. Najua anaandika kwa mapenzi. Ila yule mzee aliyempiga picha anacheka vile sababu ametoka kumla mwenzake kete tatu za dama kwa mpigo mmoja, na kichwa hicho hicho kinachocheka kina karo ya mtoto ndani yake na mashini ya boti iliyokufa tangu kusi ianze kuvuma. Vyote viwili ni vya kweli, tena kwa wakati mmoja, na picha imechukua kimoja tu.

Ukweli ni kwamba kufurahia kitu kidogo sio kuridhika na shida. Huu mji ndio ule ule ambao wavuvi wake walienda kotini wakati bandari mpya inajengwa kule Kililana na maji waliyokuwa wakivulia yakaharibika, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamua wavuvi zaidi ya 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Ndio ule ule uliopinga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe mpaka leseni yake ikafutwa mwaka 2019. Sasa watu waliotosheka na upepo na kahawa wangehangaika na mawakili miaka yote hiyo kwa nini? Mtu anaweza kudai haki yake asubuhi na jioni akakaa barazani akacheka na wenzake, na hicho kicheko hakimaanishi hana madai.

Kwa hivyo tafadhali, ukija karibu sana, kula, pumzika, lakini usitufanye sisi dawa ya uchovu wako.

Dhana: "Pesa haileti furaha"

Inaleta jamani. Hii tunaambiana kufarijiana tu na mara nyingi anayeisema ni mtu ambaye firiji yake imejaa, wazee walishasema mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Kuna utafiti wa Daniel Kahneman na Angus Deaton wa mwaka 2010, waliangalia watu wa Marekani wakaona furaha ya siku hadi siku inapanda na kipato mpaka kama dola 75,000 kwa mwaka halafu inasimama, na hiyo namba ikazunguka dunia nzima. Baadaye mtafiti mwingine, Matthew Killingsworth, akaja na data zake zinaonyesha haisimami. Badala ya kutukanana, yeye na Kahneman wakakaa pamoja na mwaka 2023 wakatoa jibu: kwa watu wengi furaha inaendelea kupanda, isipokuwa wale wenye huzuni zaidi katika kila kiwango cha kipato, hao ndio pesa inawasaidia mpaka kama dola 100,000 kisha inafika mwisho wa kusaidia.

Lakini kuna kitu ndani yake watu hawakitaji. Kupanda kwenyewe kunakwenda kwa maradufu, yaani kinachohesabika ni kipato kimeongezeka mara ngapi, sio shilingi ngapi. Elfu tano kwa mama anayekaanga viazi karai barabarani ni unga, ni dawa, ni usingizi wa usiku, na elfu hiyo hiyo kwa mwenye maduka matatu hata haisikii. Ndio nasema mambo ya kufurahia machweo yana mahali pake na wakati wake, na mtu ambaye hajui watoto watakula nini usiku usimhubirie machweo, mpe unga.

Dhana: "Nitafurahi nikishamaliza nyumba / nikishaoa / nikishapata ile kazi"

Hapa ndio tunapopoteza miaka. Ed Diener, mmoja wa watu waliosoma furaha kwa muda mrefu sana, yeye na wenzake waliandika mwaka 1991 kwamba kinachomtofautisha mtu mwenye furaha ni mara ngapi anajisikia vizuri, wala sio ukubwa wa ile raha yenyewe. Yaani raha ndogo ndogo nyingi zinaishinda ile moja kubwa ya kusubiriwa.

Na ile kubwa ikija haikai. Mwaka 1978 kule Illinois, Marekani, watafiti waliwachukua watu 22 walioshinda bahati nasibu wakawalinganisha na watu wa kawaida, furaha zao hazikutofautiana kwa maana, na jambo la kushtua zaidi ni kwamba wale washindi walikuwa wanapata raha ndogo kuliko wenzao kwenye vitu vya kila siku, kama kupiga stori na rafiki, kula kiamshakinywa, kusikia kichekesho. Ni watu wachache, sawa, lakini mimi hilo la kiamshakinywa limenikaa. Umeshinda mamilioni halafu mahamri na mbaazi zako za asubuhi zimepoteza ladha.

Kuhusu ndoa, Wajerumani walifuatiliwa miaka 15, maelfu ya watu, ikaonekana kwa wastani furaha inapanda mtu akioa au kuolewa halafu baada ya kama miaka miwili inarudi ilipokuwa. Kwa wastani, kuna waliobaki juu na kuna walioshuka chini zaidi. Sisemi mtu asioe! Nasema hizi harusi za siku saba za kukopa, mkitegemea zile siku saba ndio zibebe furaha ya nyumba, mnazitwika mzigo sio wake.

Dhana: "Kitu ukikipenda, ukikipata kila siku utafurahi kila siku"

Muulize yeyote aliyefunga Ramadhani. Adhana ya magharibi imetoka, una kokwa moja ya tende na maji, na ile tende ina utamu ambao tende hiyo hiyo haina mwezi wa kawaida. Embe ngowe pia, la kwanza la msimu unalinusa kabla ya kulikata, unakula mpaka unaliramba kokwa lake, na wiki ya tatu yanaozea kwenye kapu na hakuna anayeyatazama.

Akili inazoea, ndivyo ilivyo, na kuzoea huko kunavunjwa kwa kukosa kidogo. Watafiti wawili, Jordi Quoidbach na Elizabeth Dunn, mwaka 2013 walionyesha hivyo kwa chokoleti, watu walioambiwa wasiiguse wiki nzima waliporudi kuila waliifurahia zaidi kuliko waliopewa nyingi wale watakavyo. Kwa hivyo kama kuna kitu unakipenda sana, saa zingine kiache kwanza.

Dhana: "Bila picha ni kama halikutokea"

Muuza kahawa anapita baada ya alasiri na dele lake, chini kuna makaa mekundu, mkono mwingine ana vikombe vidogo visivyo na kishikio anavigonganisha, unajua yuko uchochoro gani kabla hujamuona. Anainamisha dele anamimina kutoka juu bila kumwaga tone, unashika kikombe kwa ncha za vidole manake kinachoma, tangawizi inakupanda puani, ni mafunda matatu tu na imekwisha, unatafuna kashata ya njugu ukisubiri cha pili. Mafunda matatu! Ukitoa simu utafute mwanga mzuri, kahawa ishapoa na yale maneno yaliyofanya baraza zima wacheke yashakupita, na anayekuja kukuelezea hawezi kuyasema vile.

Kuna utafiti wa Canada wa mwaka 2018, watu zaidi ya 300 walienda kula na marafiki, wengine simu ziko mezani na wengine wamezificha, na waliokuwa na simu walifurahia kidogo kuliko wenzao, tofauti sio kubwa lakini ipo. Na ule mwingine wa Killingsworth na Daniel Gilbert wa 2010, watu 2,250 waliulizwa kupitia simu zao mchana kutwa wanafanya nini na wanawaza nini, karibu nusu ya muda akili haikuwa kwenye kile wanachokifanya, na ikitoka hivyo walikuwa na furaha kidogo kuliko ikiwa imetulia pale pale. Hata wakiwaza mambo mazuri hawakuwa na furaha zaidi ya aliyekuwa na kazi yake mkononi.

Picha moja haina ubaya. Piga, weka simu mfukoni, kunywa.

Dhana: "Raha ni kukaa peke yangu, nisisumbuliwe"

Mara moja moja, ndio. Lakini tunakosea sana tukikisia watu watatuchosha. Chicago, watafiti Nicholas Epley na Juliana Schroeder waliwaomba abiria wa treni waongee na mtu wasiyemjua njiani, watu walidhani safari itakuwa mbaya zaidi kuliko kunyamaza na ikawa kinyume. Na ule utafiti wa Harvard ulioanza mwaka 1938 na mpaka sasa unaendelea, kubwa walilolipata ni kwamba mahusiano mazuri ndio yanamweka mtu na afya na furaha anapozeeka. Mtu wa Langoni, mtaa wa hapa Lamu, hahitaji kwenda Harvard kwa hili, ukitoka nyumbani kwenda sokoni ushasalimiwa mpaka umechelewa. Vijana wetu siku hizi wanapita na earphone masikioni hata salamu hawaitikii, na linanisikitisha kweli, manake kitu cha bure ndio tunakitupa.

Dhana: "Ana huzuni sababu hashukuru"

Hii naomba isomwe vizuri. Kuhesabu neema kunasaidia watu wengi, hilo limepimwa, mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough waliona watu waliokuwa wakiandika mambo ya kushukuru kila wiki wanajisikia afadhali kuhusu maisha yao. Lakini dipresheni ni maradhi. Moja ya dalili zake kubwa ni kwamba vile vitu ulivyokuwa unavipenda havikupi tena chochote, chakula, bahari, mpira, hata mtoto wako anakuja anacheka na ndani hakusogei kitu, siku nyingi mfululizo, wiki mbili na zaidi. Sasa ukimwambia huyo mtu "furahia vitu vidogo" unamtaka atoe kile kile maradhi yamemnyang'anya, na anabaki na huzuni yake na juu yake aibu kwamba yeye ni mtu asiyeshukuru.

Sio uvivu, sio imani kidogo. Dua na kisomo ni haki yake, na daktari pia ni haki yake, inatibika kwa mazungumzo na kwa dawa na wengi wamepona. Kama ni mtu wako, usimtume peke yake na usimwachie mpaka "atajisikia kwenda", hilo la kujisikia ndilo hana. Mpitie asubuhi, muende hospitali ya kaunti pamoja, kaa naye kwenye foleni mpaka aitwe, na siku ya kurudi ukumbuke kumpitia tena.