Fazi na ovadraivu katika kisanduku kimoja: yanayosemwa na yaliyo kweli

Hapa Lubumbashi, kijana akija mazoezini na pedali ndogo (kisanduku cha kukanyaga kinachobadili sauti ya gitaa) yenye ovadraivu na fazi pamoja, yaani aina mbili za kuikwaruza sauti, wakubwa wa bendi humtolea hukumu kabla hajachomeka waya.

"Inakwaruza, imekufa hiyo." Haijafa. Fazi imeundwa ikwaruze. Sauti hiyo ilizaliwa na hitilafu: mwanzoni mwa miaka ya 1960, studioni Nashville, Marekani, chaneli ya mashine ya kuchanganyia sauti iliharibika katikati ya kurekodi, gitaa la besi likatoka linanguruma, na watu wakaipenda. Mwaka 1962 pedali ya Maestro FZ-1 ikaingia sokoni, ikiiga mngurumo ule kwa transista, vipande vidogo vya kielektroniki vinavyokuza sauti, zilizotengenezwa kwa jerimaniamu. Transista hizo huhisi joto: fazi iliyoimba vizuri asubuhi ya baridi ya Juni inaweza kukauka sauti mchana wa Oktoba. Iweke kivulini kwanza, usikimbilie fundi.

"Fazi na ovadraivu ni kitu kimoja." Ovadraivu huviringisha vilele vya wimbi la sauti, ukipiga taratibu, nayo inatulia. Fazi huvikata karibu bapa. Piga nyuzi sita pamoja kwenye fazi uone zinavyogeuka uji, kisha piga uzi mmoja uusikie ukiimba.

"Haifai kwa muziki wetu." Hili ndilo linaloniuma. Ni kweli sebene, ile sehemu ya kucheza ambapo gitaa linatawala, inataka gitaa safi, kila noti ijitegemee. Lakini washa fazi, kisha punguza sauti kwenye kitufe cha gitaa lenyewe, toka 10 hadi 6 hivi. Katika fazi nyingi za mtindo wa zamani mngurumo hurudi nyuma, noti zikafunguka, na utamu fulani ukabaki ambao ampli (kikuza sauti) peke yake haitoi. Sharti gitaa liingie moja kwa moja kwenye fazi. Ukitanguliza pedali nyingine, mara nyingi kitufe hakitiiwi tena.

"Ni ndogo, haina nguvu." Transista ni ndogo kuliko punje ya mahindi. Kinachojaza kisanduku ni swichi na soketi.

"Adapta yoyote itafaa." Hapana! Pedali nyingi hutaka volti 9, hasi ikiwa katikati ya plagi, na baadhi ya fazi za zamani ni kinyume chake. Tazama mchoro ulio kando ya tundu la umeme. Kama pedali yako inatumia betri, chomoa waya wa gitaa ukimaliza kupiga, kwa sababu waya ukibaki ndani betri inaliwa hata taa ikiwa imezimwa. Mimi niliuacha tangu mazoezi ya Jumatatu. Jumapili kanisani, kwaya ikisubiri, pedali haikutoa kitu.