Je, tandiko zito ndilo linalomuumiza farasi?

Kwa muda mrefu watu wengi wameamini kwamba tandiko la wachunga ng'ombe wa Marekani, ambalo mara nyingi hufikia kilo 15 au zaidi, humtesa farasi, ilhali lile la Kiingereza, lenye uzito wa nusu yake au hata chini ya hapo, humstarehesha. Imani hiyo inaeleweka, lakini si sahihi.

Kinachoumiza mgongo hasa ni mzigo uliokusanyika mahali padogo. Tandiko la wachunga ng'ombe lina kiunzi chenye mbao mbili ndefu zinazolala kando ya uti wa mgongo bila kuugusa, zikausambaza uzito wa mpandaji kwenye eneo kubwa. Ndiyo maana lilifaa kwa kazi ya kutwa nzima. Hata ile pembe ya mbele, iliyorithiwa kutoka kwa wachungaji wa Meksiko, ni ya kufungia kamba iliyomnasa ng'ombe, wala haikuwekwa ili mpandaji aishike. Tandiko la Kiingereza ni fupi na jepesi kwa sababu farasi anayeruka viunzi anahitaji mabega huru.

Lolote kati ya hayo, lisipomkaa farasi sawasawa, litamuumiza. Livue baada ya safari uutazame mgongo: doa kavu katikati ya manyoya yaliyolowa jasho huenda likaonyesha palipobanwa, na nywele nyeupe zinazoota juu ya kidonda cha zamani hubaki hapo miaka mingi.