Chantilly: mji ulio mkongwe kuliko minara ya kasri lake

Mgeni anayeshuka kwenye treni Chantilly, kilomita 40 hivi kaskazini mwa Paris, huenda moja kwa moja kulitazama kasri lililozungukwa na maji, akiamini kwamba ndilo walilokaa wana wa kifalme wa ukoo wa Condé. Imani hiyo ni kweli kwa sehemu ndogo tu. Jumba dogo lililo ubavuni, kazi ya msanifu Jean Bullant ya karne ya 16, limesalimika. Jengo kuu la Condé lilibomolewa baada ya Mapinduzi ya Ufaransa na mawe yake yakauzwa. Minara inayopigwa picha leo ilijengwa na Honoré Daumet kati ya 1875 na 1885 kwa ajili ya Henri d'Orléans, Duki wa Aumale.

Wengine hudhani mji ulitangulia, kisha wakubwa wakaja kujenga ndani yake. Mambo yalikwenda kinyume. Palikuwa na ngome, msitu wa kuwindia na nyumba chache ambazo wakazi wake walitegemea parokia za vijiji jirani, hadi Condé Mkuu, jemadari wa ukoo huo aliyefariki mwaka 1686, alipoacha wasia kwamba lijengwe kanisa, na parokia ya Chantilly ikazaliwa mwaka 1692. Katika karne iliyofuata wakuu wa nyumba ya mwanamfalme, watunza farasi na mafundi walijenga makazi yao kwenye mtaa ambao leo unaitwa rue du Connétable, na karibu nao kukawa na kiwanda cha vyombo vya kauri kilichoanzishwa chini ya ulinzi wa Louis-Henri wa Bourbon, mwanamfalme wa Condé wa wakati huo.

Mazizi makubwa ya farasi, yaliyojengwa na Jean Aubert kuanzia 1719 hadi 1735, yana simulizi yake: eti Louis-Henri wa Bourbon aliamini kwamba akifa atazaliwa tena farasi, hivyo akajitengenezea makao yanayomstahili. Ni hadithi tamu, na waongoza watalii hawataiacha kesho. Lakini jengo la mita 186 lililoweza kupokea farasi 240 linaelezeka bila kuzaliwa upya: mwanamfalme alikuwa mwindaji, na mwindaji wa cheo chake aliwakaribisha wageni, mbwa na farasi kwa wingi wa kutisha.

Krimu ya Chantilly haikubuniwa na Vatel. Huyo alikuwa msimamizi wa karamu aliyejiua Aprili 1671, Mfalme Louis wa 14 akiwa mgeni, alipodhani samaki hawatafika kwa wakati. Krimu iliyopigwa ikaumuka ilijulikana kabla yake, na jina la Chantilly liliishikilia katika karne ya 18. Lesi nyeusi ya Chantilly nayo, kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, ilifumwa katika mkoa wa Normandie, hasa Bayeux na Caen.

Wapo pia wanaosema kwamba ukoo wa Condé ulipokatika mwaka 1830 mji ulilala. Kwato ndizo zilizouamsha: mbio za kwanza zilifanyika mwaka 1834 kwenye nyasi zilizo mbele ya mazizi yale yale, mbio za farasi za Prix du Jockey Club zikafuata mwaka 1836, wakufunzi wa farasi kutoka Uingereza wakahamia, na reli ya mwaka 1859 ikawaleta watazamaji wa Paris.

Na kasri si mali ya serikali. Duki wa Aumale, aliyekwisha kuwazika wanawe wote, aliikabidhi Institut de France, taasisi ya wanazuoni wa Ufaransa, milki nzima pamoja na msitu na uwanja wa mbio, kwa masharti kwamba picha zake za kuchorwa zibaki zilivyopangwa na zisiazimishwe nje. Alifariki mwaka 1897, jumba la makumbusho likafunguliwa mwaka uliofuata, na hadi leo picha zimebanana ukutani, fremu kwa fremu, jinsi alivyoziacha. Anayetaka kuziona hana budi kupanda treni ya Chantilly.