TV imeanguka ikapasuka, bima ya nyumba inakulipaje?

Hili swali sisi wa kitengo cha madai kwenye kampuni ya bima tunaulizwa sana, na anayeuliza mara nyingi kitu chake kimeshavunjika, wakati majibu karibu yote yalikuwemo kwenye mkataba tangu siku aliyosaini. Nayaandika hapa ili uyajue mapema.

Kwanza, kuwa na bima ya nyumba sio kwamba kila kinachovunjika ndani kitalipwa. Mikataba mingi ya kawaida inataja majanga yake kwa majina, moto, radi, wizi wa kuvunja, bomba kupasuka, basi. Mtoto kapiga mpira ukatua kwenye kioo cha TV? Hilo kwenye orodha halipo. Linaitwa uharibifu wa bahati mbaya, na mara nyingi ni nyongeza unayoilipia pembeni, sasa kama hukuilipia hata uje na picha hamsini hatuna pa kukushika mkono. Angalia pia kama umekatia bima jengo, vitu vya ndani, au vyote viwili. Sinki lililofungwa ukutani kwa kawaida ni jengo, kochi na TV ni vitu vya ndani, yaani vile ambavyo ungehama navyo.

Pili, bahati mbaya maana yake ni kitu cha ghafla, hukukitegemea na hukukifanya makusudi. Friji iliyokufa kwa uzee, zulia lililopauka, kabati lililoliwa na mchwa taratibu, mota iliyoungua yenyewe, hivi kwa kawaida havilipwi, na mikataba mingi inakataa pia kilichotafunwa na mbwa wako mwenyewe. Na fundi anayetumwa kukagua anajua anachokitafuta. Kioo kilichogongwa kina ile sehemu moja ya pigo na nyufa zinasambaa kutokea pale. Simu nyingi zina kikaratasi kidogo cheupe kwa ndani kinachobadilika kuwa chekundu kikiguswa na maji. Kwahiyo sema kilichotokea vilevile kilivyotokea, hata kama unaona aibu kwamba ni wewe uliyemwaga maji, kwa sababu uzembe wa kawaida wa binadamu mara nyingi unalipwa ila uongo unaweza kukukosesha dai lote, hata ile sehemu uliyokuwa na haki nayo.

Sasa hesabu, na hapa ndipo watu wanapoumia. Kampuni kwa kawaida ndiyo inayochagua kati ya kutengeneza, kukupa kingine au kukupa hela. Kama kinatengenezeka kitatengenezwa. Kama hakitengenezeki tunaangalia mkataba wako ni wa aina gani. Kuna wa kipya kwa cha zamani, unapata kipya cha kiwango kilekile, na kuna wa thamani ya sasa ambao tunakata uchakavu kwanza. Chukulia kompyuta inayokadiriwa kudumu miaka 5 na yako ina miaka 3, imeshaliwa asilimia 60, unabaki na asilimia 40 ya bei ya mpya, halafu hapo bado hatujatoa kile kiasi cha mwanzo ambacho mkataba unasema unakibeba mwenyewe kwa kila dai. Mtu anategemea kompyuta mpya anaondoka na hela isiyofika nusu, na kiukweli namuelewa akikasirika, ila hakuna aliyemwibia.

Lingine linalouma zaidi ni kuandikisha vitu kwa thamani ndogo ili ada unayolipia bima ishuke. Kama vitu vyako vyote thamani yake ni 100 na wewe umeandika 60, mikataba mingi inaruhusu kampuni ilipe asilimia 60 tu ya hasara, hata kama kilichovunjika ni kimoja tu na kidogo kuliko hiyo 60. Kwa maoni yangu hili lingepaswa kuandikwa kwa herufi kubwa ukurasa wa kwanza! Na kitu cha thamani kubwa kama kamera au vito kitaje peke yake, kwa sababu kuna kikomo kwa kila kitu kimoja.

Kikishavunjika piga picha kabla hujasogeza kitu, toa taarifa mapema, tafuta risiti au hata picha ya zamani kitu kikionekana sebuleni, na usikitupe wala usimpe fundi wako akifungue kabla hatujakiona. Ukishalipwa kwa ukamilifu mabaki kwa kawaida ni ya kampuni. Kama hasara ni ndogo, imezidi kidogo tu kile kiasi unachobeba mwenyewe, piga hesabu kwanza maana dai moja linaweza kukuondolea punguzo la mteja asiyedai.

Na ukiona malipo hayaeleweki usisaini kwanza. Omba mchanganuo kwa maandishi, bei ya kipya wameitoa wapi, uchakavu wameukata asilimia ngapi na kwa kifungu gani. Wakishindwa kukueleza andika malalamiko rasmi kwa kampuni, wasipokujibu peleka kwa mamlaka inayosimamia bima.