Fomu ndefu kuwa ya hatua hatua: anza na maswali yenyewe, kukata baadaye

Ukifungua websaiti za kampuni za utalii za hapa Arusha na Moshi, nyingi utakuta zina fomu moja ya kubuku safari ambayo kwenye simu unaskrol mpaka kidole kinachoka. Jina, nchi, imeili, namba ya pasipoti, tarehe ya kufika, njia ya kupandia mlima, saizi ya viatu, chakula usichokula, magonjwa, bima, ndugu wa kupigiwa simu, alafu chini kabisa kitufe kimoja cha kutuma. Mimi natengeneza websaiti, na kazi ninayoipenda kuliko zote ni hii ya kuchukua fomu ya namna hiyo na kuigeuza iwe ya hatua kwa hatua, yaani mtu anaulizwa kidogo, anabonyeza endelea, anaulizwa kingine. Wadau wengi wananiuliza inafanyikaje, kwahiyo leo naandika kwa kirefu.

La kwanza, na ndo kubwa kuliko yote, kukata fomu vipande sio kazi yenyewe. Kwenye WordPress, ule mfumo wa kutengenezea websaiti, plagini (programu ndogo za kuongezea) za kukata fomu zipo kibao, unaweka mpaka hapa na mpaka pale, na ndani ya muda mfupi fomu ya maswali arobaini imekuwa kurasa tano za maswali nane nane. Sasa hapo umemsaidia nani? Mteja bado anajaza yaleyale arobaini, ila saa hizi hata mwisho haoni uko wapi. Fomu ya hatua inakuwa na faida pale jibu la hatua hii linapobadilisha kitakachoulizwa hatua inayofuata, kama dada wa mapokezi anayeijua kazi yake, ukishamwambia umekuja kwa ajili ya mlima hakuulizi tena habari za hema la Serengeti.

Kwahiyo kabla sijagusa kompyuta nakaa na watu wa ofisini wanaozipokea hizo fomu. Sio bosi peake, nataka yule anayezifungua asubuhi na kujibu. Kuna mtaalamu wa fomu wa Uingereza anaitwa Caroline Jarrett, yeye anafundisha kwamba kila swali liandikwe kwenye orodha na pembeni yake ujaze nani analitumia jibu, analitumia kwa kazi gani, na itakuwaje mtu akiacha wazi au akiandika uongo. Mimi naifuata hiyo njia karibu kila mara na inafanya maajabu. Swali linafika, mfano "kundi la damu", unauliza nani hapa analitumia, wanaangaliana. Mhasibu anasema labda watu wa mlimani, watu wa mlimani wanasema sisi hatujawahi kuliona hilo jibu, kumbe liliingia tu kwa sababu fomu ilinakiliwa kutoka kwa kampuni nyingine. Hilo linafutwa palepale. Kikao kimoja cha namna hiyo kinapunguza fomu kuliko ufundi wowote wa skrini.

Yakishabaki maswali yenye kazi, tunajiuliza jibu linahitajika LINI. Hapa ndo pana utamu, ngoja nichukue mfano wa Kilimanjaro.

Mtu yuko Ujerumani, ameiona websaiti, anataka kujua bei. Namba ya pasipoti ya nini saa hii? Itahitajika kweli kwenye kibali cha hifadhi, ila hapo mtu ameshaamua na ameshalipa kianzio. Anayeulizia bei ukimwambia aende chumbani akatafute pasipoti, wengi hawarudi kwenye skrini. Lakini uraia na ukaazi ni habari tofauti kabisa, manake viingilio vya hifadhi vinatofautiana, raia wa Afrika Mashariki ana bei yake, mgeni mkaazi ana yake, na asiye mkaazi ana yake, na watoto nao wana yao. Bila hayo huwezi kutoa bei ya ukweli. Basi uraia unapanda juu, pasipoti inashuka mpaka kwenye fomu ya pili anayotumiwa baada ya kukubaliana. Saizi ya viatu hivyohivyo, inamhusu tu atakayekodi vifaa.

Alafu njia. Marangu ndo njia pekee yenye vibanda vya kulala, Mandara, Horombo na Kibo, nyingine zote unalala kwenye hema. Kwahiyo mtu akichagua Marangu maswali yote ya hema yanatakiwa yapotee yenyewe, sio ayaone alafu aandike "haihusiki". Akichagua Lemosho, orodha ya siku isimpe siku tano, hiyo njia ni ndefu, watu wanaenda nayo siku saba au nane. Na mgeni ambaye hajui Machame wala Rongai ni kitu gani awekewe jibu lake kabisa, "Sijui, nishaurini", na hilo jibu limpeleke kwenye maswali mawili matatu mepesi, ana siku ngapi, ameshawahi kupanda mlima mrefu, anataka njia yenye watu wachache au haimsumbui. Hilo jibu la sijui watu wa mauzo huwa wanalikataa mwanzoni, wanaona kama linamwonyesha mteja hajui. Mimi nalitetea kwa nguvu zote. Mteja asiyejua ndo anayehitaji kampuni, aliyejua kila kitu anatafuta bei ya chini tu.

Mpangilio unaotoka hapo unakuwa hivi: kwanza mlima, mbuga au vyote, kisha lini na watu wangapi, kisha mnatoka wapi na kama kuna watoto umri wao, kisha njia na siku, na mwisho kabisa jina na mawasiliano. Wengi wanaanza na jina na imeili, mi naweka mwisho, kwa sababu mtu akishaongelea safari yake anaona maana ya kuacha namba, ukimwomba mlangoni anahisi utamsumbua.

Kurahisisha mwanzo kuna ushahidi pia. Mwaka 2010 Frederick Conrad wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walichapisha utafiti kuhusu ule mstari unaoonyesha umefika wapi kwenye dodoso la mtandaoni, wakaona mstari ukianza kwa kwenda polepole watu wanaacha njiani zaidi, ukianza kwa kasi wanaendelea. Kwahiyo hatua nzito ikikaa ya kwanza inakukimbizia watu mara mbili, kwa uzito wake na kwa mstari usiosogea. Na GOV.UK, ile tovuti ya serikali ya Uingereza ambayo imeshughulika sana na mambo ya fomu, wao wanashauri ujaribu kwanza bila mstari wowote. Mimi naweka maandishi ya kawaida tu, "Hatua ya 2 kati ya 5", na kama matawi ya maswali yanafanya idadi ibadilike siweki namba, naandika jina la hatua. Kumwambia mtu ni tano alafu zikawa saba ni kumvunja moyo.

Hao hao GOV.UK ndo wenye kanuni ya kitu kimoja kwa ukurasa mmoja. Watu wanaielewa vibaya wakadhani ni swali moja moja kama mahojiano ya polisi. Kitu kimoja kinaweza kuwa na visanduku vitatu, mfano siku, mwezi na mwaka wa kuzaliwa, au mkoa, wilaya na kata. Vinavyokwenda pamoja kichwani kwa mtu vikae pamoja.

Sasa upande wa ufundi, na hapa nawasemesha madevelopa wenzangu. Kosa ninaloliona sana ni hatua zote kuwa ukurasa mmoja ambao JavaScript, yaani kodi inayofanya kazi ndani ya brauza, inaficha na kufichua. Mtu yuko hatua ya nne, anatelezesha kidole kurudi nyuma kwenye Android yake ili abadilishe jibu la hatua ya tatu, brauza inamtoa nje ya fomu nzima, kila kitu kimeenda. Kila hatua iwe na anwani yake, ama kurasa halisi kutoka kwenye seva (kompyuta inayoihifadhi websaiti), ama uisajili kwenye historia ya brauza kwa pushState, amri ya JavaScript ya kazi hiyo. Mimi napendelea kurasa halisi, nyepesi, majibu yanasevika kwenye seva kila anapobonyeza endelea, kwa sababu mtandao wetu mnaujua, mtu yuko kwenye Hiace ya kwenda Usa River, inapanda inashuka. Akibonyeza mara mbili kwa sababu kitu kinazunguka tu, seva itambue kuwa ni jibu lilelile, isitengeneze maombi mawili.

Faili zipewe hatua yao peke yake. Brauza haimruhusu mwenye tovuti kurudisha faili lililochaguliwa baada ya ukurasa kulodi upya, kwahiyo kwenye fomu ndefu mzazi akishapakia cheti cha kuzaliwa cha mtoto alafu akarudishiwa kosa la namba ya simu, cheti kimeshatoka na yeye mara nyingi hana habari. Ukiweka hatua ya cheti peke yake, kikapanda na akaona picha yake ndogo pale, imeisha hiyo. Na picha ipunguzwe kwenye simu kabla ya kupanda, picha ya kamera ya siku hizi ni MB kadhaa na bando ni hela ya mtu.

Nikuonyeshe na kosa moja la karibu kabisa. Fomu ya mkopo ya chama cha kuweka na kukopa, sanduku la namba ya NIDA, aliyetengeneza ameweka kikomo cha herufi 20 kwa sababu namba ya NIDA ina tarakimu 20. Ni kweli. Ila kwenye kitambulisho imeandikwa kwa makundi, nane za tarehe ya kuzaliwa, tano, tano, mbili, na katikati kuna vistari vitatu. Mwanachama anainakili kama anavyoiona, na vistari, hizo ni herufi 23. Sanduku linakata tatu za mwisho kimyakimya na fomu inamwambia namba yako sio sahihi, na yeye ameshika kitambulisho mkononi anaangalia. Dawa yake ni nyepesi, pokea vyovyote alivyoandika, toa vistari na nafasi mwenyewe, alafu ndo uhesabu. Namba ya simu hivyohivyo, 07, 06, 255 na +255 zote zikubaliwe, kibodi ya namba ifunguke yenyewe kwa inputmode, ile sifa ya HTML inayoiambia simu ifungue kibodi gani, na maandishi ya sanduku yasipungue pikseli 16, yakipungua iPhone inazumu ukurasa mtu anapogusa.

Ukaguzi ufanyike kila hatua, palepale, kwa maneno ya mtu: "Tarehe ya kurudi iko kabla ya tarehe ya kufika", sio "Ingizo batili". Kitufe cha endelea kisifungwe rangi ya kijivu mpaka ajaze vyote, mtu anabaki anakigonga hajui kimekosekana nini, kiache wazi na umwambie. Hatua ikibadilika peleka fokasi, yaani mahali brauza inapohesabu mtu yupo, kwenye kichwa cha hatua mpya, asiyeona anayetumia kisoma skrini bila hivyo hajui kama kuna kilichobadilika.

Mwisho weka ukurasa wa kuhakiki, majibu yote yameorodheshwa na kila moja lina "Badilisha" pembeni, na akibadilisha moja arudi hapohapo kwenye kuhakiki, asipitishwe tena hatua zote. Na usiulize kitu mara mbili. Mwongozo wa WCAG 2.2, ule wa kimataifa wa kufanya websaiti zitumike hata na watu wenye ulemavu, uliotoka Oktoba 5, 2023 umeliweka hili kabisa kama kigezo, alichokwisha kujaza kijazwe chenyewe au awe na njia ya kukichagua. Namba ya WhatsApp, weka "ni hiyohiyo ya simu" basi.

Kusevu majibu nusunusu kuna jambo ambalo nasimama nalo hata mteja akinuna. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika Mei 1, 2023, na taarifa za afya ni taarifa nyeti. Kwahiyo magonjwa na pasipoti siziachi kwenye kumbukumbu ya brauza, watu wanaazimana simu na wengine wanajazia kwenye kompyuta za steshenari, nazisevu kwenye seva na mtu anatumiwa linki ya kuendelea, na zisipokamilika zinafutwa baada ya muda uliotajwa. Na yule aliyeacha namba akaondoka bila kubonyeza tuma, usimpigie. Hajakutumia kitu. Ukitaka kumkumbusha mwambie mapema kwenye hatua hiyohiyo na akubali.

Sio kila fomu inahitaji haya. Fomu ya jina, simu na ujumbe iache ukurasa mmoja, ukiikata unamsumbua mtu bure. Na karani anayeingiza fomu za karatasi mchana kutwa mpe ukurasa mmoja mrefu anaoupita kwa Tab, hatua zitamchelewesha.

Ikishakuwa hewani angalia watu wanaishia hatua ipi, hii ni faida ambayo fomu ndefu haikupi. Wakiishia kwenye njia na siku, rudi ofisini ukalisome lile swali pamoja nao kwa sauti, mara nyingi utakuta limeandikwa kwa lugha ya mwongoza watalii na sio ya mgeni. Wakiishia kwenye mawasiliano, angalia kama umelazimisha imeili kwa mtu anayetumia WhatsApp tu. Alafu badilisha kitu kimoja, subiri wapite watu wa kutosha, ndo uguse kingine.